Machozi, Maziwa na Watoto wa Migori: Historia Niliyopaswa Kuijua Mapema

Binamu yangu wa Migori alinipigia simu jioni moja, hata salamu hakumaliza. "Wewe ndiye mtu wa intaneti kwetu. Ni kweli kuna utafiti huku wanawapa watoto unga uliotengenezwa na machozi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mtoto wake alikuwa ametoka kuugua, ameendesha siku nne, mkono umekonda. Pale kwa bomba la maji, akina mama walikuwa wanaambiana kwamba watu wa utafiti wamerudi tena Nyanza, kwamba tunapimwa kama panya, na kwamba safari hii dawa yenyewe inatoka kwa machozi na maziwa ya watu. Nikamwambia, "Nipe siku mbili nisome." Siku mbili zikawa wiki tatu. Hii post ndiyo jibu langu kwake, na kwa wale wote wanaoniuliza kwa nini sikuirekodi kama video. Wadau, kuna mambo hayatoshi kwa sekunde 60.

Kwanza niseme ukweli: binamu hakuwa amedanganywa sana. Utafiti upo. Unaitwa Boresha Afya, na mpango wake ulichapishwa mwaka 2023. Unahusu watoto 600 wa miezi 6 hadi 24, wa Homa Bay na Migori, walioendesha na ambao mkono wao ukipimwa kwa ule mkanda unaonyesha chini ya sentimita 12.5. Wamegawanywa makundi manne. Kundi moja linapewa kitu kinachoitwa laktoferini, la pili linapewa lisozimu, la tatu vyote viwili, na la nne linapewa unga unaofanana lakini hauna kitu ndani. Wanapewa kwa wiki 16. Swali ni moja tu: je, mtoto aliyedhoofika baada ya kuhara atapona haraka na kunenepa zaidi akirudishiwa silaha ambazo kawaida mwili wa binadamu hujitengenezea?

Laktoferini na lisozimu ni protini, na kwa kawaida zinapatikana wapi? Kwenye machozi. Kwenye mate. Kwenye kamasi. Na zaidi ya yote, kwenye maziwa ya mama. Kwa hiyo uvumi wa pale bombani ulikuwa na mzizi. Kilichokosekana ni historia, na historia yenyewe inaanza na mtu aliyekuwa na mafua.

Daktari na kamasi yake

Mwishoni mwa mwaka 1921, pale hospitali ya St Mary's, London, daktari Mskoti anayeitwa Alexander Fleming alikuwa na mafua. Badala ya kulala nyumbani kama mtu wa kawaida, alichukua kamasi yake akaiweka kwenye kisahani cha maabara ambapo bakteria walikuwa wanaota. Baada ya siku kadhaa akaona kwamba karibu na ile kamasi, bakteria walikuwa wameyeyuka. Akajaribu machozi, nayo yakafanya vivyo hivyo, upesi zaidi. Akaanza kuwakamulia wenzake ndimu machoni ili apate machozi ya kutosha. Akajaribu ute mweupe wa yai. Hata ute wa yai ulikuwa nayo.

Kitu hicho kikaitwa lisozimu. Kazi yake ni rahisi kuelewa: bakteria ana ukuta unaomzunguka, na lisozimu inakata ule ukuta kama panga linavyokata ua la miti. Ukuta ukikatika, maji yanaingia, bakteria anapasuka.

Fleming alipowasomea wenzake ripoti yake Desemba 1921, hakuna aliyeuliza swali hata moja. Sababu ni kwamba lisozimu peke yake haiui vijidudu vibaya zaidi. Inaua sana wale ambao tayari hawatusumbui, na hilo lina mantiki: wanaotusumbua ni wale waliojifunza kuipita. Basi ikawekwa kando. Miaka saba baadaye, 1928, Fleming huyo huyo akaona ukungu ukiua bakteria kwenye kisahani kingine, na hiyo ndiyo penisilini tunayoijua. Mwaka 1945 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain. Hotuba yake ya kupokea tuzo ilikuwa na onyo: ukitumia penisilini kidogo kidogo, isiyotosha, unawafundisha vijidudu kuizoea.

Soma tena hiyo sentensi ukifikiria duka la dawa la sokoni kwenu. "Nipatie za shilingi hamsini." Unapewa vidonge vinne kwenye kikaratasi. Fleming alituonya kabla hata babu zetu hawajapata kitambulisho cha Kenya.

Mwili ulikuwa na ghala la silaha kitambo

Dunia ilipopata penisilini ilisahau machozi. Ni kawaida; ukipata pikipiki, unasahau baiskeli. Lakini watafiti wachache waliendelea kujiuliza: kabla ya antibiotiki, viumbe viliishije? Mdudu hana zile kingamwili zetu. Chura anaishi kwenye maji machafu maisha yake yote. Mbona hawaozi?

Mwaka 1981 kikundi cha Hans Boman huko Sweden kilionyesha kwamba nondo mkubwa anayeitwa cecropia ana vipande vidogo vya protini vinavyoua bakteria. Vipande kama hivyo vinaitwa peptidi. Protini ni kama ushanga mrefu wa vitu vinavyoitwa asidi amino. Peptidi ni ushanga mfupi wa aina hiyo hiyo. Mwaka 1985 kikundi cha Los Angeles, chenye akina Robert Lehrer, Tomas Ganz na Michael Selsted, kikapata peptidi za aina hiyo ndani ya chembe nyeupe za damu ya binadamu. Wakaziita defensini.

Halafu mwaka 1987 ikaja hadithi ya chura. Michael Zasloff alikuwa mtafiti Marekani, na kazi yake ilimlazimu kuwapasua vyura wa Kiafrika wenye kucha ili kutoa mayai yao. Alikuwa akiwashona na kuwarudisha kwenye maji yasiyo safi. Siku moja akashtuka: vidonda havikuwa na usaha. Akachunguza ngozi yao, akapata peptidi akaziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Chura huyo ana ndugu yake anayeishi kwenye vidimbwi vya ukanda wetu wa Ziwa Victoria. Yule ogwal tuliyekuwa tunamtupia mawe tukitoka shule! Naye amechunguzwa ngozi, akakutwa na peptidi za familia hiyo.

Mwaka 1995 ikapatikana moja ya binadamu inayoitwa LL-37. Jina linatisha lakini maana yake ni ndogo: ina asidi amino 37, na mbili za kwanza ni aina ya lusini, ambayo alama yake ni L. Iko kwenye ngozi, mapafu na chembe nyeupe. Zinavyofanya kazi nyingi za hizi peptidi ni hivi: zina chaji chanya, na ngozi ya nje ya bakteria ina chaji hasi. Zinavutana. Peptidi ikishanata inajichomeka kwenye ile ngozi na kuitoboa. Ni vigumu zaidi kwa bakteria kuzoea kitu kinachotoboa ngozi yake kuliko dawa inayolenga sehemu moja ndogo ndani yake. Sisemi haiwezekani. Nasema ni vigumu zaidi.

Kutoka hapo wanasayansi wakafika walipotaka: tusiazime tu, tubuni. Unachukua ile LL-37, unaifupisha, unabadilisha asidi amino hapa na pale, unaitengeneza maabara. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walifanya hivyo, na mwaka 2018 wakatangaza peptidi ya asidi amino 24 waliyoiita SAAP-148, iliyoua bakteria sugu kwenye majaribio ya ngozi.

Na kuna moja iliyonigusa zaidi sababu ya tunakotoka. Nyani aina ya rhesus wana defensini ya mviringo. Sisi binadamu tuna jeni yake pia, lakini ina alama ya "simama" iliyowekwa mahali pasipofaa, kwa hiyo mwili unaanza kuisoma na kuishia njiani. Mwaka 2002 watafiti waliisoma ile jeni iliyolala, wakatengeneza maabara peptidi ambayo mababu zetu wa zamani sana wangekuwa nayo. Wakaiita retrosiklini. Ndani ya maabara, ilizuia virusi vya HIV visiingie kwenye chembe. Haijawa dawa mpaka leo. Lakini niliposoma hilo nilikaa kimya kidogo. Nimezaliwa eneo ambalo mwaka 2012 uchunguzi wa Ndhiwa ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi.

Maziwa

Sasa turudi kwa maziwa, kwa sababu hapa ndipo historia ya maabara inaingia nyumbani kwetu.

Laktoferini ilionekana mara ya kwanza kwenye maziwa ya ng'ombe mwaka 1939, kisha mwaka 1960 ikatengwa kutoka maziwa ya binadamu. Kazi yake ya kwanza ni kunyakua madini ya chuma. Bakteria wengi wanahitaji chuma ili wazaane, na laktoferini inakishika chote, wanabaki na njaa. Kazi ya pili iligunduliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990: laktoferini ikifika tumboni na kukatwa na kimeng'enya cha kusaga chakula, inatoa kipande kidogo, peptidi, kinachotoboa bakteria kwa nguvu kuliko protini yenyewe nzima. Wakakiita laktoferisini. Yaani mama anampa mtoto silaha imefungwa, tumbo la mtoto linaifungua.

Maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano ambayo baadhi ya nyanya zetu walikuwa wanasema ni machafu yamwagwe, ndiyo yenye laktoferini nyingi zaidi. Na kwa upande wa lisozimu, maziwa ya mama yana zaidi ya mara elfu moja ya ile iliyo kwenye maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo mtoto akiachishwa ziwa na kupewa ya ng'ombe, chakula anapata. Walinzi wengi wanabaki nje.

Nilipofika hapa kwenye kusoma, nilifunga simu nikaenda kuketi nje. Kwa sababu nilikuwa na mdogo wangu.

Alizaliwa mwaka 2003, nyumbani kwetu upande wa Rongo. Mama alikuwa amepimwa akiwa mjamzito, akakutwa na virusi. Kwenye kituo alikohudhuria aliambiwa anyonyeshe miezi sita peke yake, halafu aache ghafla, kwa sababu virusi vinapita kwenye maziwa. Mama ni mtu wa kufuata maagizo. Siku miezi sita ilipotimia aliacha. Dani, nyanya yetu, alimuuliza, "Mtoto analia, mbona humpi ziwa?" Mama hakuweza kumwambia, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu yeyote. Akasema maziwa yamekauka. Mdogo wangu akaanza uji wa maji ya mto na maziwa ya ng'ombe tuliyopimiwa kwa jirani. Wiki ya tatu akaanza kuendesha. Akapona, akaanza tena. Tulinunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka, Mama akafungua akachanganya na maji. Mwezi wa pili baada ya kuachishwa, alifariki. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka kikombe chake cha plastiki kilivyokaa juu ya kabati mwaka mzima bila mtu kukigusa.

Hatukuwahi kujua kama alikuwa na virusi. Kipimo cha watoto wachanga hakikuwa kimetufikia.

Mama anajua naandika haya. Nilimsomea kabla ya kuweka hapa, na amekubali.

Ushauri huo ulitoka wapi

Rahisi ni kusema "walitudanganya." Nimesoma, na jibu si hilo.

Mwaka 1985 iliripotiwa kwa mara ya kwanza kwamba HIV inaweza kupita kwa maziwa ya mama. Kati ya 1992 na 1998 ulifanyika utafiti Nairobi, ukiongozwa na Profesa Ruth Nduati na wenzake: kina mama 425 wenye virusi, nusu wanyonyeshe, nusu wape maziwa ya kopo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Walionyonyeshwa, asilimia 36.7 waliambukizwa. Wa maziwa ya kopo, asilimia 20.5. Tofauti kubwa. Yeyote angeona hizo namba angeogopa maziwa. Lakini kulikuwa na namba ya pili ambayo haikusemwa kwa sauti: vifo vya watoto kufikia miaka miwili vilikaribiana, asilimia 24.4 kwa walionyonyeshwa na 20.0 kwa wa kopo. Na hao walikuwa kina mama wa mjini waliochaguliwa kwa sababu wana maji safi.

Mwaka huo huo wa 2000, Shirika la Afya Duniani likatoa ushauri: kama maziwa mbadala yanakubalika, yanawezekana, yananunulika, yanapatikana kila siku na ni salama, mama mwenye virusi asinyonyeshe kabisa. Kama sivyo, anyonyeshe miezi ya mwanzo halafu aache mapema inapowezekana. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Kwenye kijiji chenye maji ya mto, hayo masharti yanaanguka moja baada ya lingine, na kinachobaki kichwani mwa mama ni neno moja: acha.

Halafu ushahidi ukaanza kuja kutoka kwetu Afrika wenyewe. Botswana, mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, mvua kubwa ilileta mlipuko wa kuhara. Waliolazwa na kufa wengi walikuwa watoto wasionyonyeshwa, katika nchi iliyokuwa ikigawa maziwa ya kopo bure. Lusaka, mwaka 2008, utafiti wa kina mama 958 ulionyesha kwamba kuachisha ziwa ghafla miezi minne hakukuongeza idadi ya watoto walio hai bila virusi wakifika miaka miwili. Kampala nako wakaona watoto walioachishwa mapema wanapata kuhara kukali. Kisumu, kuanzia 2003, KEMRI na washirika wake walikuwa wakijaribu njia nyingine: mpe mama ARV wakati ananyonyesha. Ikaonekana inapunguza sana maambukizi.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri: mama anyonyeshe, na dawa zimlinde mtoto. Mwaka 2016 likaongeza: anyonyeshe mpaka miaka miwili au zaidi, kama mama yeyote, mradi anatumia dawa.

Hospitali ya Homa Bay ilikuwa kati ya hospitali za umma za kwanza Kenya kutoa ARV, mwaka 2001, kupitia Madaktari Wasio na Mipaka. Umbali kutoka kwetu ni safari ya matatu tu. Mama alianza dawa mwaka 2006. Angezianza mwaka 2003, pengine ningeandika hadithi nyingine.

Kwa hiyo hapakuwa na njama. Kulikuwa na sayansi iliyoona sumu moja ndani ya maziwa na kusahau kwamba ndani ya maziwa hayo hayo kuna ghala la silaha. Fleming alikuwa ameionyesha tangu 1921. Walihesabu kilichopita kwa ziwa. Kilichozuiwa na ziwa walichelewa kukihesabu.

Sasa huu unga

Ndiyo maana sikubali tena nikisikia "wanatupima kama panya" na maongezi yaishie hapo. Pia sikubali yule mwingine anayesema "sayansi imesema, nyamaza." Mama yangu alinyamaza.

Hebu tuangalie kinachojulikana. Lima, Peru, mwaka 2007, watoto 140 waliokuwa wanaendesha walipewa maji ya ORS yaliyotiwa laktoferini na lisozimu ya binadamu iliyooteshwa ndani ya mchele. Waliendesha kwa siku 3.67 kwa wastani, wengine siku 5.21. Malawi, mwaka 2019, watoto wa kijijini waliopewa vitu hivyo kwa wiki 16 utumbo wao ulionekana kuvuja kidogo zaidi ya kawaida, lakini si vibaya kama wenzao. Hizo ni habari njema. Sasa habari nyingine: Uingereza, mwaka huo wa 2019, watoto njiti 2,203 walijaribiwa kwa laktoferini ya ng'ombe, na haikupunguza maambukizi. Na ile peptidi ya chura? Ilitengenezwa dawa ya kupaka vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari, ikaitwa peksiganani. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa, kwa sababu ilifanya kazi karibu sawa na kidonge kilichokuwepo tayari.

Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni miujiza, mkatalie. Akikuambia ni uchawi, mkatalie pia. Ndiyo sababu kuna lile kundi la nne linalopewa unga usio na kitu. Binamu alikasirika sana kuhusu hilo. "Yaani mtoto wangu anaweza kupewa unga bure tu?" Ndiyo. Na bila hilo kundi, tutarudia ya mwaka 2000: namba moja inasemwa kwa sauti, nyingine inabaki kwenye jedwali. Watoto wote, wa kundi lolote, wanapaswa kupata matibabu ya kawaida: ORS, zinki, chakula cha kuwarudishia nguvu. Hilo ndilo la kuuliza kabla ya kutia sahihi, na una haki ya kuliuliza kwa Dholuo mpaka uelewe.

Kwa nini basi wahangaike na unga, wakati antibiotiki zipo? Kwa sababu hilo pia limejaribiwa hapa kwetu. Utafiti wa Toto Bora ulichukua watoto 1,400 waliotoka hospitali za Kisii na Homa Bay, nusu wakapewa azithromisini siku tano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: vifo na kurudi hospitali havikupungua. Mwaka huo huo, utafiti mwingine wa nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulijaribu dawa hiyo kwa watoto wanaoendesha, na haikupunguza vifo. Wakati huo bakteria sugu duniani walikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 kwa mwaka 2019 peke yake. Vidonge vya rangi mbili tulivyomfungulia mdogo wangu havikuwa suluhisho mwaka 2004, na leo vina nguvu kidogo zaidi kuliko wakati ule.

Ninachodai

Maoni yangu ni haya, na unaweza kuyapinga.

Kwanza, watoto wa Migori na Homa Bay wakitumika kupata jibu, jibu lirudi Migori na Homa Bay kwanza. Lisomwe kwenye baraza la chifu, kwa lugha yetu, hata kama jibu ni "haikufanya kazi." Wanasayansi wanachapisha London na New York, mama aliyetoa mtoto wake anasubiri nini?

Pili, ikifanya kazi, bei ijadiliwe sasa, si baadaye. Peptidi na protini hizi si rahisi kutengeneza. Sitaki kusikia kwamba kitu kilichothibitishwa kwa mikono iliyokonda ya Ndhiwa kinauzwa kwenye maduka ya Nairobi kwa wenye pesa, huku zahanati zetu zinaambiwa zingoje wafadhili.

Tatu, tusingoje unga. Wahudumu wa afya ya jamii wanazunguka nyumba kwa nyumba. Wapewe ORS na zinki za kutosha. Maji. Choo. Na mama mwenye virusi aambiwe kwa sauti ile ile iliyotumika zamani kumkataza: tumia dawa zako, nyonyesha.

Nilimaliza kumsomea Mama nikamuuliza anaonaje. Alikuwa anachambua omena. Hakuinua macho. Akauliza, "Kwa hiyo ile ya njano ya kwanza, alikunywa yote?"

Nikamwambia, "Wewe ndiye unajua, Mama."

"Alikunywa yote," akasema. "Hiyo nilimpa yote." Halafu akaendelea na omena.

Binamu amenipigia tena. Ameamua kwenda kituoni kuuliza maswali, na ameyaandika kwenye karatasi. Yako saba. Mtoto bado ananyonya.